Lakiri Haikuvunjwa

Kundi la nyuki lilitua mbele ya benchi letu siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa saa ya kituo cha reli cha Nova Gorica, ambayo niliitumikia miaka thelathini na moja na ninaijua tabia yake. Bi Nives amewaambia wapelelezi kwamba ilikuwa Jumatano. Si kweli, kwa sababu Jumatano mvua ilirudi na hakuna aliyekaa nje. Slavko Humar ameandikisha saa tatu na dakika kumi na mbili, naye simlaumu sana, maana tangu Machi amekataa kuisogeza mbele saa yake ya mkononi, akisema hiyo ni amri ya Brussels na yeye hakuulizwa. Kengele ya kanisa la upande wa Italia nayo haifai kuwa shahidi, kwa kuwa hutangulia kwa dakika tatu. Benchi lenyewe liko kwenye uwanja ulio mbele ya kituo, na mpaka wa nchi mbili unalipita katikati, mahali ambapo mtu fulani wa zamani alipigilia msumari wa shaba. Wawili hukaa Slovenia, wawili hukaa Italia, nami hukaa juu ya msumari.

Mashariki yangu hukaa Slavko, tunayemwita Forodha, aliyekagua mizigo hapo hapo mpaka lango lilipoondolewa. Na Bogomil Rijavec, tunayemwita Asali, mfuga nyuki wa miaka sabini na mitatu. Magharibi hukaa Ettore Brumat, tunayemwita Jaji, ingawa kazi yake mahakamani ilikuwa kubeba mafaili. Na Nives, tunayemwita Bi Gazeti, kwa kuwa aliyauza miaka mingi na mpaka leo huyasema yote bila kuyasoma. Mimi huitwa Saa.

Shauri lililokuwa mbele yetu lilijulikana. Mwezi Machi mizinga kumi na minne ya Asali, yote aliyokuwa nayo, iliibwa kwenye mteremko wake chini ya Trnovo, upande wa Slovenia. Mwezi Aprili ilikutwa kwenye shamba la mizabibu upande wa Italia, na mwizi hakuwapo. Nchi mbili ziliunda timu moja ya wapelelezi. Timu ikabandika lakiri ya karatasi juu ya kifuniko cha kila mzinga, ikaipeleka yote kwenye yadi ya magari yaliyokamatwa, upande huo huo wa Italia, hatua mia nne kutoka hapa tulipokaa. Nyuki walitoka na kuingia kwa mlango wao wa chini, lakini kifuniko kisiguswe mpaka hati ya nchi moja ijibiwe na hati ya nchi ya pili. Sasa, mwezi Mei mzinga usiofunguliwa na kuongezewa nafasi hujaa. Ukijaa, malkia wa zamani huondoka na nusu ya watu wake, na mfugaji asiyekuwapo hatawaona tena.

Siku hiyo zamu ya kahawa ilikuwa ya magharibi. Bi Gazeti alikuja na chupa na vikombe ndani ya kikapu chake chenye kifuniko, akamimina, akapitisha kikombe cha kwanza juu ya msumari.

FORODHA: Simama hapo hapo. Una kitu cha kutangaza?

GAZETI: Kahawa moja, sukari vijiko viwili, na dharau nyingi.

FORODHA: Dharau haina ushuru. Pita.

ASALI: Nimetoka yadi sasa hivi. Mzinga wa sita umeota ndevu.

JAJI: Ndevu za nini tena?

ASALI: Nyuki wananing'inia nje ya mlango, wamejazana mpaka chini kama ndevu za padri. Mvua imewafungia siku tatu, leo jua limetoka. Wanaondoka leo. Wakichelewa sana, kesho.

GAZETI: Si uliwaandikia barua wale wa ofisini?

ASALI: Tatu. Ya kwanza wamejibu kwamba imepokelewa. Ya pili wamejibu kwamba ya kwanza imepokelewa.

GAZETI: Na ya tatu?

ASALI: Wameniuliza kama mimi ni mshtakiwa, shahidi au mhanga. Nitie alama kwenye kisanduku kimoja.

FORODHA: Ukatia wapi?

ASALI: Nilitia kwenye vyote vitatu, nisije nikakosa.

JAJI: Ee bwana we! Umejishtaki mwenyewe!

Ofisi hiyo sitaitaja, kwa sababu makarani wake ni wajukuu wa majirani zetu, na kwa sababu naamini kila mmoja wao alifanya kazi yake sawasawa. Jaji aliweka kikombe chake kwenye goti, akashusha sauti kama mtu aliyetumwa.

JAJI: Tatizo lako, Asali, unalitazama jambo kwa macho ya nyuki. Litazame kwa macho ya faili. Faili linatoka kwa mwendesha mashtaka wa kwenu. Linatafsiriwa na mtafsiri aliyekula kiapo. Linavuka. Mwendesha mashtaka wa kwetu ana siku thelathini za kulikubali, halafu siku tisini za kulitekeleza. Hiyo ndiyo Ulaya moja. Zamani lingezunguka kwa mabalozi miaka miwili.

ASALI: Malkia mpya anahitaji siku kumi na sita, toka yai mpaka anatembea.

JAJI: Nani kaziweka hizo siku kumi na sita?

ASALI: Sijui. Aliziweka kabla yenu.

JAJI: Basi aombe kuongezewa muda. Haraka haraka haina baraka.

FORODHA: Haya yote yameletwa na kung'oa lango. Nilisema mimi, mkanicheka. Lori lenye mizinga kumi na minne lingenipita mimi hapa? Ningelisikia linavuma toka kule kwenye mzunguko!

GAZETI: Wewe? Mama mkwe wangu alikupita mwaka sabini na nane na kilo nne za kahawa kifuani.

FORODHA: Nilijua.

GAZETI: Ulijua nini, muongo wewe! Ulimsaidia kubeba begi!

FORODHA: Nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Nami ni mtu wa adabu.

Asali hakucheka. Alikuwa ameelekeza uso kwenye ukuta wa yadi. Nyuki wale ni wa ukoo wa malkia waliotunzwa na baba yake, naye baba alipata kuwahamisha usiku mmoja wa mwaka arobaini na saba, pale mstari wa mpaka wa nchi ulipochorwa katikati ya bustani yake. Tangu hapo hawajawahi kulala nje ya mikono ya Rijavec mmoja au mwingine, isipokuwa mwaka huu.

Saa nne na dakika tano treni iliingia. Mwanamke wa makamo mwenye sanduku la magurudumu alitoka kituoni, akatazama huku na huku, akaomba kukaa pembeni kumsubiri dada yake. Alisema anaitwa Jolanda na hajawahi kufika kwetu. Bi Gazeti akampa kahawa, na kwa kuwa palikuwa na sikio jipya, mazungumzo yalipanda daraja.

GAZETI: Karibu, mama. Hapa tunazungumza habari za nyuki waliofungwa. Mimi nimewaambia hawa, huo si wizi wa kawaida. Hao nyuki wana kitu. Mtu haibi nyuki kwa ajili ya asali, asali iko dukani.

FORODHA: Wana nini?

GAZETI: Wanafunzwa. Nyuki anaruka huku na kule hana pasipoti, hana simu ya kunaswa. Unampaka harufu, unamtuma. Kuna mtu anapeleka habari.

FORODHA: Habari gani anapeleka nyuki, Bi Gazeti? Maua yamechanua?

GAZETI: Cheka. Penye wazee haliharibiki neno, na hapa mimi peke yangu ndiye mzee mwenye akili.

JAJI: Mimi nakwenda kwenye sheria tu. Hoja ni kwamba wamewaita vielelezo. Kosa liko hapo. Wale waliibwa, sivyo? Walikuwapo usiku wa wizi, sivyo? Basi ni mashahidi. Na shahidi wa Ulaya ana haki zake.

FORODHA: Acha hizo, Jaji.

JAJI: Sikiliza kwanza. Zaidi ya ushahidi, walihamishwa kwa nguvu kutoka makazi yao. Kwa hiyo ni wahanga. Na mhanga sharti aarifiwe maendeleo ya kesi kwa lugha anayoielewa. Mkalimani yuko wapi? Hapo kesi yote inaanguka!

FORODHA: Kwa kila nyuki mkalimani mmoja?

JAJI: Wakalimani wanaweza kugawana.

FORODHA: Wako elfu arobaini kwenye mzinga mmoja!

JAJI: Ndiyo maana nasema siku tisini hazitoshi.

FORODHA: Wote mmekosea. Mimi nimekaa langoni miaka ishirini na sita, nawaambia hivi: zile nchi mbili zinawahesabu. Kila nyuki wa Slovenia anayekula ua la Italia, anaandikwa. Wakimaliza kuhesabu, watarudisha lango. Wataanza na nyuki, watamalizia na sisi. Paka akiondoka panya hutawala.

GAZETI: Hapo paka nani na panya nani?

FORODHA: Hiyo ndiyo wanayoichunguza.

Bi Jolanda alikunywa kahawa yake, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta yupi ndiye mwenye msiba. Alimpata bila shida. Asali alikuwa amesimama.

ASALI: Nyamazeni.

Tulisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kinachovutwa kwa mbali, juu ya paa, wala haikuwa treni. Treni zote za asubuhi hiyo nazijua. Kisha hewa iliyo juu ya ukuta wa yadi ikaingia giza, giza likasogea, likapita juu ya magari yaliyoegeshwa, likavuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lilizunguka kwenye mti mmoja mchanga ulioko hatua sita mashariki ya benchi. Tawi moja likaanza kuwa nene. Dakika chache baadaye lilikuwa limeinama, na kundi zima lilining'inia hapo, ukubwa wa mtoto mchanga aliyefungwa nguo. Niliitazama saa ya kituo kundi lilipoligusa tawi kwa mara ya kwanza, na ndiyo ile saa niliyoitaja.

FORODHA: Mama yangu! Wamevuka!

GAZETI: Si nilikuambia wana kitu? Si nilikuambia?

JAJI: Mtu asiguse! Kielelezo kimetoroka!

Asali alikwisha fika chini ya tawi, kofia mkononi, kichwa wazi. Nyuki wanaohama hushiba asali kabla ya kuondoka, hawana haja ya kumchoma mtu. Alikaa akiwatazama, kisha akanyoosha kidole bila kuligusa kundi.

ASALI: Ni wa sita. Malkia yule pale, nukta nyekundu mgongoni. Nilimtia mwenyewe mwaka jana.

JAJI: Nukta si ushahidi. Malkia wote wa mwaka jana hutiwa nyekundu, toka Ureno mpaka Finland. Hilo ndilo jambo pekee ambalo Ulaya nzima imekubaliana bila mkutano.

ASALI: Jaji, watakaa saa moja. Labda mbili. Wanatafuta pa kuhamia, wakipata wamekwenda.

JAJI: Subiri basi, tuweke sawa. Subiri. Sheria ya kiraia ya kwetu naikumbuka, faili lake nililibeba. Mwenye nyuki ana haki ya kulifuata kundi lake hata kwenye ardhi ya mtu mwingine.

FORODHA: Eeh! Fuata nyuki ule asali! Methali ndiyo sheria yenyewe. Chukua, Asali!

JAJI: Taratibu. Awe amelifuata. Wewe Asali, ulilifuata?

ASALI: Nilikuwa nimekaa hapa nanyi.

JAJI: Umeona? Hakuwafuata. Wao ndio waliomfuata yeye. Hilo halimo.

FORODHA: Na sheria ya kwetu inasemaje? Maana sasa wako kwetu.

JAJI: Ya kwenu sikuibeba.

GAZETI: Polisi si wanaruhusiwa kuvuka wakimfukuza mwizi?

JAJI: Wanaruhusiwa. Lakini hawa hawakumfukuza mtu. Na mwenyewe ndiye mshtakiwa, alitia alama. Akiwachukua, amechezea kielelezo. Akiwaacha, amekitelekeza. Ingefaa apige simu kule ofisini, na ofisi ya kule ipige simu ofisi ya huku.

FORODHA: Leo Jumanne. Jumanne hawapokei.

JAJI: Basi Jumatano.

Hapo ndipo Bi Jolanda alipouliza. Wengine wamesimulia kwamba alipandisha sauti, au kwamba alijifanya mjuzi wa sheria. Hakufanya hata moja. Aliuliza kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

— Samahanini, wazee wangu. Nyuki si wa huyu mzee?

JAJI: Wa kwake, hilo halina ubishi.

— Na mwizi aliyewaiba si yeye?

FORODHA: Ebo! Yeye ndiye aliyeibiwa!

— Sasa anamsubiri nani?

Forodha alitazama mahali lilipokuwa lango lake. Bi Gazeti alikitazama kikombe chake.

Asali aligeuka, akarudi kwenye benchi, akakiinua kikapu cha Bi Gazeti. Alitoa vikombe viwili vilivyobaki akavipanga chini. Chupa ya kahawa ilikuwa wazi, ikaanguka, na kahawa yote ikamwagika kwenye mawe, ikashuka kufuata mteremko, ikapita chini ya msumari bila kutangaza kitu.

GAZETI: Kikapu changu hicho!

ASALI: Nitakurudishia, dada. Na asali ndani yake.

GAZETI: Nani kakuuliza asali? Angalia mshikio wa kushoto, umelegea.

Alikiweka kikapu chini ya tawi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akalitikisa tawi mara moja, kwa nguvu. Kundi lilianguka ndani kwa mlio wa mchele unaomiminwa. Alisubiri waliobaki hewani wamfuate malkia wao, akafunika kwa kofia yake, kisha kwa kifuniko. Hakuna aliyechomwa. Bi Gazeti huapa kwamba tulipiga makofi, hatukupiga makofi. Forodha husema Asali alimtazama Jaji kuomba ruhusa, hakumtazama mtu. Aliondoka kwa miguu, akielekea mashariki, na kikapu kilikuwa kinavuma.

JAJI: Mimi sikuona chochote.

FORODHA: Ulikuwa umekaa nchi nyingine.

Siku ya Alhamisi wapelelezi wawili walifika kwa gari moja, mmoja wa kila upande, kwa kuwa mpita njia alikuwa amepiga picha. Walituandikisha sote, kila maelezo kwa lugha mbili. Asali aliulizwa akajibu ukweli wote, pamoja na habari ya kikapu. Kisha walikwenda yadi, nami nikawafuata, nikawaona kupitia wavu wa mlango. Waliukagua mzinga wa sita. Lakiri ilikuwa nzima, imebandikwa kama siku ya kwanza. Kujua kama nyuki wamepungua kungehitaji kufungua, na kufungua kulikuwa hakujaruhusiwa. Walirudi garini, wakapandisha vioo, wakazungumza dakika arobaini. Walipotoka, yule wa Slovenia alinisomea alichoandika ili nishuhudie saa: kwamba kielelezo namba sita kimekaguliwa, lakiri haikuvunjwa, na hakuna kilichoonekana kupungua. Wa Italia alitia sahihi chini yake. Sahihi zao zinafanana kidogo.

Hati ya kumruhusu mwenye mali kufungua mizinga ilifika Jumanne, tarehe 11 Juni, saa tano kasorobo, ikiwa na mihuri minne. Jaji ameeneza kwamba ilifika mapema kwa sababu ya barua aliyoiandika yeye. Barua hiyo ninayo mimi; aliniomba niitie posta, nikasahau. Asali alipofungua, alikuta mizinga mitano mingine imekwisha kugawanyika, kila mmoja nusu, na makundi hayo matano hakuna aliyeyaona yakienda wapi. Kuhusu kundi la sita, hati ilisema arudishiwe nyuki wake wote pale pale walipohifadhiwa. Alitia sahihi kwamba amewapokea. Malkia mwenye nukta nyekundu siku hiyo alikuwa na siku ishirini na nane anataga mayai chini ya Trnovo.